Pamba Isiyosokoteka

Moto huzaa jivu, walisema wa kale.
Mwaka ule ulizaa pacha: jivu na kimya.
Jiko la bati la kutupwa, soseji nne,
kijana na mchumba wake, upepo wa Aprili,
basi.
Wiki tatu mlima ulio juu ya Oldham
uliungua chini kwa chini, kama mtu anayeficha homa.
Zimamoto wakimwaga maji hapa, moshi unaibukia kule.
Sisi wa zamu ya usiku hospitalini
tuliziba madirisha ya wodi kwa taulo mbichi,
na wagonjwa wa kifua wakakohoa hadi alfajiri.

Nilipanda Jumamosi ya kwanza ya Oktoba
na viatu vya kazini, maana sikuwa na vingine.
Shafiqul, mlinzi wa mlima, akanikabidhi mfuko:
miche hamsini kutoka Uskoti,
kila mmoja na kidonge chake cha mboji.
Jina nilishalielewa kabla hajalimaliza.
Nyasi-pamba.
Nikacheka. Akaniuliza kuna nini.

Ningemweleza vipi, mvua ikinizaba shavu,
kwamba babu yangu Lugembe, kule Magu,
alilima pamba kwa amri, ekari kwa kila kodi,
akapimiwa kwa mizani yenye njaa,
na marobota yakapanda reli, yakapanda meli,
yakaja kuishia hapo bondeni,
kwenye matofali mekundu
ambayo leo ni ghala la makochi?
Na moshi wa mabomba hayohayo, miaka mia na ushei,
ukarudi mlimani kama mvua chachu
hadi nyasi hii ikatoweka, isibaki hata shina
ila lile lililobanwa kwenye daftari la kasisi,
lina tarehe, lina doa la chai.

Kwa hiyo pamba ya babu iliiua pamba hii.
Au waliua walioitaka.
Sijui. Nilipiga magoti nikapanda.

Toboa kwa mti, sukuma, kanyaga kwa kisigino.
Toboa, sukuma, kanyaga.
Kando yangu Gwendoline Schofield, miaka sabini na minane,
glavu za jikoni, rangi ya waridi.
Bibi yake alizibwa masikio na mitambo ya kufumia
akajifunza kusoma midomo,
na ukoo mzima ukarithi kunena kwa mdomo mpana.
Upepo ulipobeba sauti zetu zote
yeye peke yake ndiye aliyesikika.

Januari baridi iliitapika miche.
Nilipanda peke yangu kutoka zamu, usingizi umenibana,
nikaikuta imelala juu ya ardhi, mizizi nje,
mmoja hapa, mmoja pale,
kama wagonjwa waliojifunua shuka usiku.
Kazi hiyo naijua.
Niliifunika mmoja mmoja, nikasahau kuhesabu,
vidole vikafa ganzi, nikaendelea kwa viwiko.

Juni, si ile iliyofuata, ile ya pili:
vishada vyeupe juu ya weusi wa mboji,
vikitikisa vichwa kwa kila upepo, havina msimamo.
Shafiqul alihesabu thelathini na kimoja.
Gwendoline ishirini na tisa.
Walibishana mpaka chai ikapoa kwenye chupa.

Kisha akachuma kimoja
(Shafiqul akageuza uso),
akavua glavu, akakivuta, akakisokota
kati ya kidole gumba na cha shahada,
taratibu, kwa mkono ambao haukuwahi kufanya kazi hiyo
na bado uliijua.
Uzi ukakatika. Akajaribu tena. Ukakatika.

Haisokoteki, alisema,
na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali
nilimsoma midomoni:
Vizuri. Hakuna atakayeitaka.

Tuliposhuka
basi la saa kumi lilikuwa limeshatuacha.